Kuhusu Misuli ya Mdogo Wangu, Ambayo Haipatikani Siku Yoyote

Kwa Mwalimu wa Vyuma,
Ukumbi wa mazoezi ulio juu ya duka la rangi.

Ndugu Mwalimu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, kila msuli mahali pake. Mimi hunijui. Ni fundi cherehani, nakaa ghorofa ya nne na mama yangu mzee pamoja na mdogo wangu wa kiume, yule mrefu mnayemwita Kifua. Alikuwa na jina alilopewa na wazazi, lakini siku hizi ukimwita kwa jina hilo hageuki. Nadhani shingo nayo iko mapumzikoni.

Nakuandikia kwa heshima zote kulalamikia ratiba uliyompa. Nimevumilia hadi yamenifika shingoni, na sasa nayamwaga kama ifuatavyo.

1. Zamani mdogo wangu alifanyisha kila msuli mazoezi mara moja kwa wiki. Jumatatu kifua, Jumanne mgongo, Jumatano miguu, na kadhalika. Huo ulikuwa utaratibu wa kiungwana. Kifua kikiuma, mikono ilibaki huru kufua nguo. Miguu ikifa ganzi, angalau angekaa akamenya vitunguu. Ndipo wewe, kwa hekima yako, ukamwambia kwamba mara moja haitoshi, na kwamba msuli unaotaka kukua lazima uguswe mara mbili kwa wiki, na katikati upumzishwe siku mbili. Mwalimu, uliwahi kukaa chini ukaipiga hesabu hiyo? Kifua, mgongo, mabega, mikono, miguu, tumbo, kila kimoja mara mbili, kila kimoja na mapumziko yake! Hakuna saa hata moja katika wiki ambayo mtu huyu ana kiungo cha kutuazima. Kinachofanya kazi kipo kwako. Kilichobaki nyumbani kinakua.

2. Na hilo neno "kinakua" ndilo linalonitia kichaa. Umemfundisha kwamba msuli haukui ukumbini, unakua ukiwa umelala. Nikimwomba apandishe mtungi wa gesi, ananitazama kwa huruma, kama daktari mbele ya mgonjwa mbishi, kisha ananieleza kwamba mgongo uko katikati ya kukua na tukiusumbua tutaurudisha nyuma. Balbu ya jikoni iliungua wakati mabega yanakua, tukapika gizani mpaka yalipomaliza. Juzi alikataa kufungua chupa ya asali kwa sababu viganja vyake, ambavyo sikujua kama navyo vina misuli, vilikuwa likizo. Nimeshaona watu wanaotega kazi kwa kuumwa. Huyu ni wa kwanza niliyemwona akitega kwa afya.

3. Kama kweli anakua, mbona tepu yangu haioni? Nampima kila nikimshonea shati. Tangu zianze hizo mara mbili zako, mkono umeongezeka upana wa kidole changu cha mwisho. Kidole cha mwisho! Mayai aliyoyala kwa ajili ya kidole hicho yangetosha kuanzisha banda la kuku. Lakini mwendo ndio umekua kweli. Anatembea mikono ikiwa mbali na mwili kana kwamba amebeba matikiti makwapani, na mlango wetu anaupita kiubavu. Wateja wangu wanaokuja kujaribu nguo wanasubiri kwenye korido hadi amalize kupita.

4. Hapa naomba usome ukiwa umekaa. Mama yetu magoti yamemgomea. Lifti ya jengo ilikufa zamani, na mwenye jengo huizungumzia kama marehemu wa ukoo wake, kwa upole na bila mpango wowote. Mama hana analolitaka duniani ila kushushwa chini, akae kwenye benchi mbele ya kinyozi, apate jua, awaone watu na kuwasema. Asiposhushwa anageuka ukutani na kususa chakula. Sasa niambie, katika nyumba yenye mwanamume anayenyanyua vyuma vyenye uzito wa akina mama wawili, ni nani anayembeba mama? Ni mimi, niliyejikunja juu ya cherehani tangu asubuhi. Jumanne na Jumamosi namtia mgongoni, tunashuka ngazi kwa ngazi, yeye akinielekeza pa kukanyaga na kunisengenyea majirani sikioni, na mwanawe mpendwa akitushikia mlango. Mlango, Mwalimu! Na hata huo, wiki iliyopita aliushika kwa kiuno, kwa kuwa mikono ilikuwa katika siku yake ya pili ya mapumziko. Siku hiyo nililia hapo ngazini. Mama aliniuliza ni nini hicho kinachonitiririka, nikamwambia ni jasho.

5. Nimefikiri sana na nimeona kosa liko kwenye mafundisho yenu. Kama msuli hukua ukipumzika, basi mlinzi wa jengo letu, ambaye hajawahi kuonekana akiwa macho, angekuwa na mikono kama mapipa. Na kama mara mbili ni bora kuliko moja, kwa nini uliishia mbili? Uliogopa nini? Isitoshe, misuli yote hiyo ilitoka tumboni mwa mama yangu, na sikumbuki siku aliyokukabidhi. Mwenye mali ni yeye. Kwa hiyo naomba kila msuli ufanyishwe mazoezi mara moja kwa mwaka, siku ya kuzaliwa ya mwenye nao, na siku nyingine zote uwe chini ya mamlaka ya familia. Ukiona hilo ni gumu, ratiba ipangwe na mama mwenyewe. Ukikataa na hilo, Jumanne ijayo uje wewe, na huo mgongo wako uliopumzika, umbebe. Nisipokuona, nitamleta hadi kwako, nimkalishe juu ya lile benchi mnalolalia mkinyanyua vyuma, kisha niende zangu. Akishamaliza kuwakagua wanafunzi wako mmoja mmoja na kuwapa maoni yake, utafunga ukumbi.

Nitashukuru ombi langu likishughulikiwa haraka. Wasalimie wote hapo: anayehesabu kwa sauti, anayejipiga picha kwenye kioo, na yule bwana anayepiga mayowe kama anayejifungua kila akiinua chuma. Mwambie mtaa mzima unamwombea ajifungue salama.

Wako katika uchovu,
Dada yake Kifua.

Tanbihi: Nimemsomea mama barua hii ili aniambie kama kuna tusi nimelisahau. Badala ya tusi, amenitobolea siri. Kumbe mdogo wangu aliomba kumshusha tangu lifti ilipokufa, akaomba tena na tena, na mama ndiye aliyemkatalia, akamwagiza asingizie misuli nikimuuliza. (Mtungi wa gesi ni uvivu wake mwenyewe, huko mama hayumo.) Anasema mwanawe angemfikisha chini mara moja, amtue, aende zake. Mimi nasimama kila ghorofa kuhema, na wiki nzima ni hapo tu anaponipata bila cherehani, akanisimulia mambo yake hadi mwisho. Kwa hiyo ratiba ya Kifua iache ilivyo. Ninachoomba sasa ni jibu la kitaalamu tu: mtu anayembeba mama yake mara mbili kwa wiki, mgongo unauma na miguu inauma, akiongeza ya tatu, itakuwa nyingi?