Pikipiki ya Marehemu na Usingizi wa Swaumu

Jumatatu, 3 Februari 2025. Kwaluguru.

Pwaa! Saa saba na robo mchana. Kuku wametawanyika, mbuzi wa jirani amekata kamba, na Swaumu, niliyembembeleza tangu asubuhi, kafumbua macho kama mtu asiyejua usingizi ni kitu gani.

Mtoto huyu ana miezi kumi na moja na halali mchana mpaka asikie pikipiki ikinguruma. Si redio, si wimbo, si mgongo wangu. Pikipiki! Ile kuukuu ya baba mkwe, Mungu amrehemu, ambayo mume wangu Awadhi kaiacha hapa akaenda kuchuma chai Dindira. Naiwasha uani, mtoto analala mkekani, nami napata saa moja ya kuwa binadamu. Wiki ya pili sasa inakatakata, inakohoa, halafu inalipua kwenye bomba la moshi.

Mama mkwe, Bibi Mwaija, yuko hapa tangu juzi kutoka Old Korogwe. Kaona yote. Anasema mtoto hashibi, maziwa yangu yamechoka kama mwenyewe, hivyo Ijumaa anaondoka naye akamwachishe ziwa kwake. Nikamjibu kwa adabu zote, macho chini.

"Mama, Swaumu haendi popote."

Akasema tutaona. Akimkuta kalala mchana kabla gari la Ijumaa halijapita, atamwacha. Haya. Kisha akaonya kwamba pikipiki ya marehemu asiifungue mtu, hata nati moja.

Nitaifungua.

Jumanne, 4 Februari.

Mama mkwe kaenda kusalimia ndugu. Nimechomoa plagi. Nyeusi kama tako la sufuria! Nimeisugua kwa mswaki wa Awadhi (nikaurudisha mahali pake), nikairudishia. Halafu nikashika waya huku napiga kiki, nione kama umeme unafika.

Unafika. Nimejikuta nimekaa ndani ya beseni la nguo, naiambia injini shikamoo.

Ikawaka vizuri. Jicho moja la Swaumu likafumba. La pili likaanza kulegea. Pwaa!

Akapita Sufiani, fundi wa pale njia panda, ambaye hajapita hapa tangu Idi. Eti kasikia risasi, kadhani tunawinda. Akasema shemeji, plagi ikiwa nyeusi injini inakosa hewa, lete niitazame. Nikamwambia sikumbuki kumwita. Akaenda zake anapiga mluzi. Nimpelekee? Itakaa bandani kwake mpaka Ramadhani, watu wakiikalia kupigia soga.

Jumatano, 5 Februari.

Si kwamba nimemsikiliza Sufiani. Wazo la hewa limenijia lenyewe, nikiwa napepeta mchele.

Nimefungua kifuniko cha ubavuni. Humo mna chujio la hewa, sponji nene kama kipande cha mkate, limejaa vumbi jekundu la kutosha kupanda muhogo. Ndiyo maana! Petroli nyingi, hewa kidogo, haiungui yote ndani, inakwenda kulipukia kwenye bomba. Nimegundua peke yangu! Nimelifua kwa sabuni, nikalianika kambani nyuma ya nepi. Nimecheza. Swaumu naye kacheza, amekaa.

Alhamisi, 6 Februari.

Chujio halipo kambani. Nimetafuta chini ya kitanda, kwenye banda la kuku, mdomoni mwa Swaumu.

Liko mkononi mwa mama mkwe. Anasugulia sufuria ya ugali! Anasema sponji kama hili hata madukani Korogwe hakuna, na keshalikata vipande viwili, nusu ya kuondoka nayo. Nikasema asante mama. Ningesema nini?

Nimeiwasha bila chujio. Ndiyo kwanza imepata wazimu: sasa inalipua mbele na nyuma. Swaumu kalia. Mimi nimelia kidogo jikoni, nikasingizia moshi. Niliporudi nimekuta mama mkwe anazikunja nguo za Swaumu, taratibu, vizuri, anazitia kwenye mfuko wake wa safari. Nikazitoa. Akazirudisha. Nikazitoa. Mara tatu.

Nina wazo. Linahusu godoro.

Ijumaa, 7 Februari.

Nimekata pembe ya godoro. Siyo letu, letu limeshalala bapa. La mama mkwe, upande wa miguu. Nikaichonga kwa kisu, nikaipaka oili kidogo, nikaisokomeza ubavuni mwa pikipiki, mahali pa chujio.

Saa saba. Kiki moja. Ndu-ndu-ndu-ndu, laini kabisa! Swaumu akapiga miayo, akageuka ubavu, akalala. Kalala! Nikageuka kumwonyesha mama mkwe uso wa mshindi.

Naye alikuwa amelala. Mkekani, mdomo wazi, mfuko wa safari chini ya kichwa. Saa tisa gari la Korogwe likapiga honi barabarani, mara mbili. Sikukohoa hata.

Kaamka alasiri. Nikajiandaa kwa maneno. Akajifuta uso kwa kanga, akaitazama ile pikipiki muda mrefu.

"Marehemu alikuwa akiiwasha hivi hivi mchana, mimi najilaza barazani. Sijalala namna hii tangu azikwe."

Nguo za Swaumu kazitoa mwenyewe, kazipanga sandukuni. Nikampikia chai, yenye tangawizi. Tumekunywa pamoja, mtoto katikati. Nampenda huyu mama, kweli.

Jumapili, 9 Februari.

Haondoki. Kasema atakaa mpaka Idi!

Kila saa sita na nusu anakuwa ameshajilaza mkekani, kwenye kivuli kizuri, ananiuliza injini vipi. Wanalala wawili, wanakoroma, mimi nakaa macho nalinda pikipiki. Akiamka ananiambia maharage yangu hayana chumvi.

Leo Sufiani kapita, kasikiliza, kainua mikono. Kasema shemeji, hapo ilipo imetulia, usiiguse tena. Sawa. Mtu mwenye akili angeiacha.

Lakini nafikiri mlipuko mmoja tu, mdogo, wa heshima, ungemkumbusha Korogwe. Ubavuni mwa kabureta, pale petroli inapochanganyika na hewa, kuna skrubu moja ndogo ambayo sijaigusa bado. Sijui kazi yake.

Nimeazima bisibisi.