Minara Mitatu kwa Kiti cha Karibu na Jiko

Jumanne, 7 Oktoba
Nimeamua. Baridi hii kiti cha karibu na jiko la kuni ni changu. Kwenye baa ya Nerina, hapa kwetu Verucchio, Italia, sheria ni moja: Jumapili hii kila mzee anaweka rafuni pambo alilonunua nje ya nchi. Linaloumiza macho kuliko yote linakaa katikati, na mwenyewe anaota moto mpaka baridi iishe. Duilio, yule kinyozi mstaafu, amekikalia miaka minne. Mara Lisbon, mara Praha. Mimi nakaa mlangoni, magoti yanalia kama bawaba.

Lakini akili ninayo. San Marino ni nchi! Ina bendera, ina serikali. Naiona kilimani kutoka dirisha la choo changu.

Jumatano, 8
Nimemwambia Nerina nasafiri ng'ambo. Akauliza ng'ambo ipi. Mbali, nikasema. Akaniomba basi nimletee petroli, kule ni rahisi. Mwanamke huyu ananijua mno.

Duilio anatamba kwamba kesho anaruka kwenda Vienna. Na aruke.

Pasipoti nimeipata chini ya soksi. Niliiomba zamani nikamwone kaka yangu Argentina, sikwenda. Kurasa nyeupe zote. Muda wake umekwisha, ila picha ni nzuri sana. Nilikuwa na nywele.

Alhamisi, 9
Nimefika ng'ambo kahawa bado ya moto tumboni. Mpakani hakuna hata askari. Nikatoa pasipoti dirishani mwa basi waione. Dereva akaniambia babu, rudisha mkono, utaacha vidole barabarani.

Ofisi ya watalii, binti akasema pasipoti hii ilishakufa. Nikamwambia hata mimi niko njiani, agonge tu. Akacheka, akagonga. Muhuri wangu wa kwanza!

Kisha duka. Minara mitatu ya San Marino, ya plasta, taa ndani, inageuka pinki mvua ikikaribia, na juu ya kila mnara unyoya wa mbuni. Machozi yalinitoka. Jicho la kuchagua ni kipaji.

Sasa, kona ya nyuma kuna rafu ya mapambo ya miji yote ya dunia. Pale kasimama mzee mwenye miwani ya jua, kashika tufe la kioo lenye theluji ya Vienna. Duilio! Miaka minne, kona hiyohiyo!

"Ndege imechelewa?" nikamwuliza.

"Olindo," akasema, "tuongee kiutu uzima."

Tukaongea, tukapatana. Mimi sikuona Vienna. Yeye hatasema San Marino si ng'ambo. Tulirudi basi moja, yeye mbele, mimi nyuma.

Jumapili, 12
Niliwasha minara, baa nzima ikageuza shingo. Unyoya mmoja ukadondoka kwenye kahawa ya padri. Mtu akasema huko si ng'ambo, huko tunakwenda kujaza tangi. Duilio akasimama, akaapa kwamba San Marino ni ng'ambo halisi.

Hapo ndipo alipoharibu. Nerina alimkazia macho. Akasema wawili hawa hawajawahi kukubaliana hata kwamba mvua inanyesha, leo kuna nini? Akapindua minara yangu. Akapindua Vienna. Akateremsha Lisbon na Praha za miaka iliyopita. Chini ya vyote, kibandiko kilekile cha duka la San Marino: kilima kidogo cha dhahabu.

"Wazee wangu," akasema, "mmeizunguka dunia yote bila kupita kilima cha jirani."

Kiti kakipata padri, kwa chupa ya plastiki yenye umbo la Bikira Maria, kutoka Lourdes, Ufaransa. Hata taa haina! Niliwaonyesha muhuri. Wakacheka nywele za pichani.

Sasa mlangoni tuko wawili. Duilio anakoroma, na upepo anauacha wote upande wangu.

Jumatatu, 13
Kosa nimelijua. Ni kibandiko. Nimeloweka minara kwenye maji moto, kimetoka chote. Mnara mmoja umetoka nacho, lakini miwili inatosha.

Nimemtangazia Nerina kwamba mwakani nakwenda Japani. Duilio kaninong'oneza: basi la saa ngapi?