Kutapika kwa Sarufi Sanifu

Kwa Mwenyekiti,
Kikundi cha Mazoezi ya Jumamosi,
Uwanja wa Shule.

Mheshimiwa Mwenyekiti, ambaye nje ya uwanja ni shemeji yangu,

YAH: KUSIMAMISHWA KWANGU MAZOEZI, PAMOJA NA SUALA LA VIATU VYAKO

Kwanza nakujulia hali, wewe na viatu vyako. Kama bado vina alama, nimeambiwa maji ya limau husaidia. Mimi sijambo, isipokuwa heshima yangu, ambayo niliiacha pale karibu na goli na sidhani kama kuna aliyeiokota.

Nimepokea ujumbe wako wa simu unaosema, "Shem pumzika kwanza usije mpk daktari aseme". Sitagusia kukosekana kwa nukta, wala hilo neno "mpk", ambalo katika miaka yangu yote ya kufundisha Kiswahili sijawahi kulikuta likiwa hai. Nitagusia hukumu yenyewe. Umenisimamisha mazoezi. Mashtaka ni kwamba Jumamosi iliyopita nilikimbia mpaka nikatapika, nikatapikia mahali ulipokuwa umesimama, kisha nikalala chini mbele za watu. Sikatai hata moja. Ninachokataa ni kwamba kosa lilikuwa langu.

Hebu nikukumbushe nilifikaje kwenye kikundi chako, maana sikuja kwa kupenda. Nilistaafu nikiwa na afya njema, nikakaa kwenye kiti, na kiti kikanipenda. Tukaishi vizuri, mimi na kiti, mpaka siku daktari aliponipima presha. Alipima mkono wa kulia, akapima wa kushoto, akatoka kwenda kuleta mashine nyingine. Mwisho akaniambia, "Mzee, ama uanze kutoa jasho, ama..." Sentensi ile hakuimalizia. Mimi niliyewamalizia wanafunzi sentensi zao maisha yangu yote, ile sikutaka kuimalizia. Niliogopa, Shemeji. Bado naogopa.

Ndiyo maana mke wangu, yaani mdogo wako, alipojiandikisha pamoja nami ili nisipate kisingizio, nilivaa raba bila ubishi mrefu. Leo yeye mnamwita Injini na mimi mnaniita Breki. Sawa. Lakini hebu niambie, ni gari gani la maana linalotembea bila breki?

Baada ya utangulizi huo, ambao mdogo wako angesema ni mrefu, malalamiko yangu ni haya.

1. Neno "Kaza". Kocha wetu ni kijana mwenye adabu akiwa amesimama. Akianza kukimbia Kiswahili chote kinamtoka, linabaki neno moja tu: "Kaza!" Sasa kaza ni kitenzi elekezi, kinadai yambwa. Mtu hukaza kamba, hukaza skrubu, hukaza uzi. Nilimuuliza, huku nakimbia, nikaze nini. Akanijibu, "Wewe kaza tu, Mwalimu!" Ikabidi nifanye utafiti wangu mwenyewe. Nikakaza mkanda. Nikakaza meno. Vitu vya kukaza vilipokwisha nikakaza pumzi, nikaenda nusu uwanja bila kuvuta hewa, hadi nikaanza kuona magoli manne kwenye uwanja wenye mawili. Baadaye ndipo aliponieleza kwamba mtu akibana pumzi kwenye mazoezi makali hujitafutia kizunguzungu na kichefuchefu, na kwamba muda wote ule alitaka nipumue. Jamani! Kama alitaka nipumue, si angesema "Pumua"? Neno lenyewe limezidi "kaza" kwa herufi moja. Asingeumia.

2. Saa mbili. Hili naomba ulisome ukiwa umekaa. Tangazo la Kocha, lile la kwenye ubao wa langoni, mwanzoni lilisema: "Kula chakula masaa mawili kabla ya mazoezi." Unakumbuka vizuri kwamba ni mimi niliyeligundua kosa. Kiswahili sanifu hakina "masaa". Kina saa, ziwe mbili au elfu. Watu wazima walikuwa wanapita chini ya tangazo lile kila wiki, wengine na shahada zao, na hakuna aliyeshtuka. Mimi nilishtuka. Nikatoa kalamu nyekundu, nikafuta, nikaandika kwa mwandiko wangu wa ubaoni: "Kula chakula saa mbili kabla ya mazoezi." Kocha alinishukuru. Wewe mwenyewe ulisema mwandiko umetulia.

Basi, Ijumaa iliyopita jioni nilipita pale langoni, nikasimama kulisoma. Nasema bila upendeleo, lilikuwa tangazo zuri. Likaniambia nile saa mbili. Asubuhi yake, saa mbili kamili, nikaketi mezani nikala: mayai, mkate, viazi vilivyobaki jana yake, na chai nzito ya maziwa. Sikuwa na njaa. Nilikula kwa utii, kama mtu anayemeza dawa, na viazi nikaongeza kwa sababu tangazo halikutaja kiasi. Mdogo wako alikuwa ametangulia uwanjani kusaidia kupanga vifaa, kwa hiyo nyumbani hapakuwa na wa kunizuia. Mazoezi yakaanza saa mbili na nusu. Viazi navyo vikaanza.

Eti Kocha alikuwa na maana ya muda wa kusubiri! Nimewauliza wanakikundi mmoja mmoja. Wote waliendelea kula kwa kufuata masaa yao mawili, yale niliyoyafuta, na matumbo yao yakasalimika kwa sarufi mbovu. Mimi peke yangu nilitapika kwa sarufi sanifu. Sasa nauliza, Mheshimiwa, ni nani atakayewajibika kwa tangazo lile? Nimelichunguza tena, mwandiko na rangi ya kalamu, na naona ni busara nisiendelee na namba hii.

3. Maji. Kocha alisema tunywe kidogo kidogo. Wahenga nao walisema haba na haba hujaza kibaba. Mimi nilijaza kibaba chote kabla ya mzunguko wa kwanza ili nisisumbuke mbele ya safari. Nilipoanza kukimbia, tumbo likawa na safari yake na mimi yangu.

4. Sentensi kamili. Hapa ndipo penye kiini cha kesi. Kocha ana kanuni yake ya kumtambua mtu aliyejizidishia: ukiona huwezi kusema sentensi kamili, punguza mwendo, tembea. Kanuni nzuri sana, laiti angempa mtu mwingine. Lugha yetu imebarikiwa, Shemeji. Neno moja tu la Kiswahili linaweza kubeba nafsi, wakati na kitendo, likawa sentensi isiyodaiwa kitu. Mzunguko wa pili Kocha aliniuliza hali. Nikamjibu, "Naendelea." Sentensi kamili. Mzunguko uliofuata nikasema, "Nachoka." Kamili. Ule uliofuata mdogo wako alipunguza mwendo, akaja kukimbia ubavuni kwangu, akaniuliza kama niko salama. Nikamwambia, "Nakufa." Nafsi ya kwanza umoja, wakati uliopo, kitenzi. Mtahini yeyote angeipa alama zote. Akasema, "Acha ujinga wewe, tembea." Lakini kwa kanuni ya Kocha nilikuwa na haki ya kuendelea, nami nikaendelea.

Na kwa kuwa hii ni barua rasmi, acha niseme ukweli wote. Mdogo wako alikuwa ananitazama. Tangu aanze kukimbia amekuwa mwepesi, anacheka, watu wazima wanamshangilia, na mimi sikutaka anione natembea. Basi. Umri huu wote na bado nataka kumwonyesha mwanamke niliyekwisha kumwoa kwamba naweza.

Nilipofika karibu na goli nikasema, "Natapika." Nayo ilikuwa sentensi kamili, tena ya kweli, maana tamko na kitendo vilitokea pamoja. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi niliinama, na cha tumboni kikatoka. Ulikuwa umesimama pale pale unatuhesabia mizunguko, na viatu vilikuwa vipya, najua, pole sana.

5. Huduma niliyopewa. Kocha anafundisha kwamba ukimaliza mbio usisimame ghafla, utembee taratibu mpaka moyo utulie. Mimi sikusimama ghafla. Nililala ghafla, jambo ambalo kanuni zetu hazilitaji popote. Kisha wakaja waganga. Mmoja alisema ninyanyuliwe miguu, mwingine akasema kichwa, na kwa kuwa kikundi chetu kina demokrasia nikanyanyuliwa vyote viwili, nikawa nimekunjwa kama mkeka unaotafutiwa pa kuwekwa. Mtu mmoja alinimwagia maji sikioni. Kuna kipande kidogo hapo sikikumbuki vizuri, nadhani nilisinzia.

6. Mdogo wako anateseka. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Tangu ujumbe wako uingie, mwenzangu hana raha. Anatembea ndani ya nyumba kimya, raba zake ziko mlangoni hajazigusa. Nikimtania hacheki. Namjua, amekasirika kwa niaba yangu, ila kwa kuwa wewe ni dada yake mkubwa anashindwa kukwambia. Umemhukumu mmoja ukawaadhibu wawili. Na huyo daktari unayenituma kwake naye hasemi la kueleweka: karatasi ya kuniruhusu mazoezi haiandiki mpaka presha ishuke, na presha alishasema haishuki bila mazoezi. Niende wapi?

Kutokana na hayo, naomba kikao chako kitafakari yafuatayo. Kwanza, Kocha apewe vitenzi vingine. Pili, kwa kuwa haraka haraka haina baraka, mbio zote zikimbiwe kwa mwendo wa mtu wa mwisho, yaani mimi. Ikionekana kwamba mwendo huo haustahili kuitwa mbio, mbio zifanyike tukiwa tumekaa. Viti vipo madarasani.

Na hilo nalo likishindikana, naleta hoja ya uwakilishi. Harusini tunatuma mwakilishi, na hakuna anayesema hatukuhudhuria. Msibani tunatuma mwakilishi, na salamu zinapokelewa. Tumeambiwa tangu zamani kwamba mume na mke ni mwili mmoja. Ikiwa ni mmoja, basi mdogo wako akikimbia, mwili umekimbia. Akitoa jasho, limetoka. Mimi nitabaki nyumbani nikishughulikia upande wa chakula kwa niaba ya wote wawili, saa yoyote tangazo litakayopanga. Na siku ya kwenda hospitali, daktari apime mkono wake aandike jina langu. Sioni atakapoponyokea mtu wa kupinga hoja hiyo, labda daktari mwenyewe, na wewe, na moyo wangu.

Nimalizie kwa salamu. Msalimie mumeo, umwambie nimesikia anavyoniigiza nilivyoanguka, na kwamba miguu haikuwa hivyo. Msalimie Kocha, sina kinyongo naye, ni vitenzi vyake tu. Wasalimie wote wa mstari wa mbele, ambao hawajapata kunifahamu zaidi ya wakati wa kunipita. Aliyenimwagia maji sikioni naye msalimie, mwambie sasa nasikia.

Ni mimi shemeji yako, mwanakikundi uliyemsimamisha lakini hajalala,

Mwalimu Mstaafu (Breki)

N.B. Kabla ya kuituma barua hii nilimpa mdogo wako aipitie, maana yeye ndiye anayejua kunipunguzia maneno. Alicheka kwenye viazi mpaka akashika ukuta. Alipofika kwenye "Nakufa" hakucheka. Alipofika kwenye ile ya mateso yake aliiweka barua mezani, akaniambia kwamba wewe hukunisimamisha. Ni yeye aliyekuomba unisimamishe, na akakusihi usiseme kama ni yeye. Anasema nilipolala pale chini aliniita, sikujibu. Akaniita tena kwa jina ambalo ananiita tukiwa wawili, mbele ya watu wote wale, na sikujibu. Anasema tangu tuoane amekuwa akiniomba ninyamaze walau kidogo, na siku ile nilipomsikiliza aliona dunia imemwisha.

Kwa hiyo malalamiko yangu yote nayafuta, ya kwanza hadi ya mwisho. Hukumu ibaki kama ulivyoiandika, bila nukta yake. Daktari akisema nikae nitakaa, akisema nitembee nitatembea, nyuma kabisa ya watu wote, na anayetaka kucheka acheke. Nimekwisha kumwambia hivyo mdogo wako, ila hajibu. Tuko jikoni sasa hivi, anakata vitunguu, na mimi nakuandikia huku nazungumza, chochote kinachonijia mdomoni, maana nikinyamaza kidogo tu anaweka kisu chini na kugeuka kunitazama.