Ombi la Kuvunjwa kwa Sinema ya Zenobia

Ndugu Mhariri,

Nakusalimu kwa heshima, pamoja na kikohozi changu cha Februari. Nimesoma katika gazeti lako la mtaa historia ya Sinema ya Zenobia, mliyoiita hekalu la sanaa. Mnatuhimiza Jumanne tupige kura isivunjwe. Mimi, mzaliwa wa hapa hapa mjini Buffalo, naomba ivunjwe upesi. Sababu zangu:

1. Sanaa gani? Zama zile za dhiki, kila Jumatano mwanamke aliyekata tikiti ya Zenobia alipewa chombo kimoja cha bure: leo sahani, wiki ijayo kikombe, mpaka seti itimie. Mama hakujua filamu hata moja iliishaje. Siku ya bakuli la mchuzi alikuwa katika uchungu wa kunizaa. Tangu hapo seti ina pengo, na lawama ni zangu. "Kazio," huniambia mbele ya wageni, "ungevumilia siku moja tu, leo tungekuwa na kitu cha maana mezani."

2. Wanawake walipakata sahani gizani. Shujaa akikata roho, kila mmoja alitafuta leso, na sahani zikaporomoka sakafuni. Ukumbi mzima ukacheka. Mtaa ukazoea. Siku tulipomzika baba, mtu aliangusha sahani ya pierogi, zile sambusa zetu za Kipolandi za kuchemsha; mama akaangua kicheko, Padri Ignacy akafuata, nami nikacheka mpaka nikalia. Huo ni uharibifu wa maadili.

3. Kwa kuwa kila nyumba ina sahani zilezile, jirani akiazima harudishi. Anadai ni zake. Dada yangu Bronka na Bi Halina hawasemezani mwaka wa ishirini huu kwa ajili ya kisahani. Hata hivyo kila Jumamosi huketi bega kwa bega pale Zenobia, kila mmoja akimchunga mwenzake asifurahi kumzidi. Ikivunjwa, watalazimika kupatana au kufa kwa upweke. Vyovyote vile, tutapumua.

Kwa hiyo pawe maegesho ya magari. Gari halimchekeshi mtu msibani.

Wasalimie wa nyumbani, mpiga chapa, na hata mwandishi wa historia ile. Nia yake njema, macho tu ndiyo mabovu.

Ni mimi msomaji wako mtiifu,
Kazimierz Wojtas

Tanbihi: Wanaotaka kuvunja wakishinda, mwambie dereva wa tingatinga aingie kwanza kwa miguu. Nitakuwa safu ya tano na mama yangu. Yeye hasikii vizuri, na mimi siku hiyo sitasikia kabisa.