Mzamiaji wa Maji Chumvi

Mume wangu alijua kila kitu kuhusu kuzamia isipokuwa namna ya kurudi juu.

Alijifunza baharini, majuma mawili tu, akarudi na miwani ya mpira iliyomchora duara usoni kama alama ya sufuria mezani. Tangu siku hiyo hakupita mtu bila kuhadithiwa habari za vilindi. Mimi alishaniacha, kahamia kwa bi mdogo ng'ambo ya ziwa. Nilikuwa nashona kwa mkono mpaka vidole vinaota sugu, maana cherehani yangu iliibwa. Yeye ndiye aliyeniambia imeibwa, na kwamba mwizi ni mama jirani. Miaka miwili yule mama sikumpa hata salamu.

Basi siku moja injini ya mwenye boti ikachomoka, ikazama karibu na gati. Mume wangu akajitolea, kifua mbele. Dada mwenye mitungi ya hewa akamwona anajifunga mkanda wa vyuma vya kumshusha chini.

"Kaka, punguza. Maji ya ziwa hayana chumvi, hayakubebi kama ya bahari. Vyuma vinane vya nini? Vinne vinakutosha."

"Dada yangu, mimi nimezamia bahari. Hiki kidimbwi kitanifundisha nini?"

"Baba watoto, msikilize mwenzio," nikasema.

"Wewe kashone."

"Kwa cherehani ipi?"

Watu wakacheka. Yeye akabebeshwa mtungi, akauma mpira wake wa hewa, akafungwa kamba kiunoni, akaruka.

Jamani, yule hakuzamia. Alishuka kama mchi kwenye kinu. Yakaja mapovu, likaja tope, kisha kamba ikaanza kutikisika kama imenasa mbuzi. Wanaume wanne wakamvuta. Akaibuka amekumbatia dude zito lililojaa tope, akatoa mpira wa hewa mdomoni.

"Injini yenu hiyo. Nani alikuwa anabisha?"

Mwenye boti akalimwagia ndoo ya maji. Gunia lililooza likadondoka, likatokea gurudumu, na kwenye mpini wake ule waya niliofunga kwa mikono yangu mwaka mpini huo ulipovunjika.

"Hiyo ni cherehani yangu," nikasema.

Mwenye boti akajikuna kichwa. "Mbona huu ni ule mzigo wako wa gunia, bwana? Ulituponyoka hapa hapa tukianza safari ya kwa bi mdogo. Si uliniambia ni jiko bovu?"

Mama jirani akapenya katikati ya watu. Akashika upande mmoja wa cherehani, mimi nikashika wa pili.

Mume wangu akarudisha mpira mdomoni, akayatazama maji kama mtu aliyesahau kitu huko chini.

"Akitaka kurudi mwache arudi," nikamwambia dada wa mitungi. "Ila mwongezee vyuma vinne."