Upepo wa Sanya Ulivyoondoka na Isale Langu

Mwenzenu leo nimeadhirika. Tena nimeadhirika nikiwa na helmeti kichwani, mbele ya baba, mama, na jirani mmoja ambaye akiongea Sanya Juu wanamsikia Bomang'ombe. Nawaandikia nikiwa nimejifungia chumba cha wageni. Afadhali mlisikie kwangu kabla halijafika huko kwa njia nyingine.

Mnanijua, mimi ndiye yule wa baiskeli. Desemba nilitoka Moshi mpaka Singida peke yangu, hema nyuma, sufuria pembeni, mkanipongeza humu mpaka nikavimba kichwa. Ambacho sikuwaambia ni kwamba nilikuwa nimemwahidi baba nitakuwa nyumbani Sanya Juu tarehe ishirini na nne. Upepo wa Singida ukasema thubutu! Siku tatu nilipiga pedali kama niko gym, natokwa jasho na sisogei. Krismasi ikanikuta nimekaa pembeni ya ghala la alizeti, nakula biskuti na maji ya moto.

Na kwetu Uchagani unaweza ukakosa vyote mwaka mzima, ila Krismasi unarudi nyumbani. Baba alichinja mbuzi. Akanibakizia paja mpaka tarehe ishirini na saba, mama ndiye aliyeniambia. Tangu hapo hajaongea na mimi. Nikipiga simu anampa mama, na namsikia kabisa akisema, "Shika, mtu wako huyu." Wiki saba! Mimi, kifungua mimba wake!

Sasa kesho anabatizwa mtoto wa kaka yangu, na mimi ndiye msimamizi wa ubatizo. Baba akatuma ujumbe kupitia mama: mtu aliyekosana na mzazi wake hawezi kusimama madhabahuni kumshika mtoto. Aje kwanza tumalize.

"Njoo na isale," mama akaniambia.

Kwa nyie mliozaliwa Tanga na Mtwara: isale ni mmea fulani wa majani marefu, tunaupanda mipakani mwa mashamba. Ukimkosea mtu, unafunga jani lake fundo, unamletea. Ukishamfikishia kwa heshima zote, hana namna, lazima akusikilize. Ndiyo silaha yetu ya mwisho.

Basi. Asubuhi mama mwenye nyumba wangu kule Rau akanikatia jani la isale uani kwake, akalifunga fundo vizuri, akanipa. "Weka ndani ya begi, mwanangu," akasema. Mara mbili alisema.

Sikuweka ndani ya begi. Nililifunga mbele kwenye usukani, lisimame kama bendera, nikapiga picha. (Ile picha mliyoipenda asubuhi. Futeni kupenda kwenu.) Na kwa nini sikupanda basi kama watu? Kiburi. Nilitaka baba anione naingia na baiskeli yenyewe, ajue siyo uhuni, ni kazi ya maana. Kutoka Rau hadi Sanya Juu kwa mtu aliyefika Singida ni safari ya kwenda dukani, nikajiambia.

Mpaka Bomang'ombe nilikuwa malkia. Lami nzuri, nakunywa maji, naimba. Nikakata kulia kuingia barabara ya Sanya.

Mama yangu weee!

Mnaoijua ile nyika mnaelewa. Hakuna mti wa kukukinga, ni vumbi na majani makavu na upepo unaokuja ubavuni kama unakudai. Nikashuka gia mpaka zikaisha. Bibi mmoja wa miguu, mkungu wa ndizi kichwani, akanipita. Akanipita jamani! Akasema "pole" bila hata kugeuka. Mara kikaja kile kimbunga cha vumbi kinachozunguka, nikafumba macho, baiskeli ikalala huku, mimi nikalala kule. Nilipofumbua macho, usukani upo, kengele ipo, isale halipo.

Nikaliona linaruka. Nikalikimbiza kwenye nyika na viatu vyangu vya baiskeli, nateleza, naanguka, nainuka. Lilipotua, lilitua mbele ya mbuzi. Nilipiga kelele, "Wewe! Wewe! Acha!" Mbuzi akanitazama machoni akalitafuna lote, na fundo lake.

Mwenye mbuzi, baba mtu mzima na rungu lake begani, akaja haraka.

"Dada, hicho alichokula ni dawa? Atakufa?"

"Hapana kaka," nikamwambia huku natema vumbi. "Amesamehewa dhambi zake zote."

Akamvuta mbuzi wake karibu na kuniangalia vile unavyomwangalia mtu aliyechanganyikiwa. Hakukosea.

Simu ikaita. Mama. "Uko wapi? Baba yako ameshavaa suti. Saa sita anakwenda kwa mchungaji kupeleka jina la msimamizi mwingine." Nikaangalia saa. Saa tano kasoro. Nilipiga pedali zile kilomita zilizobaki nikilia, na machozi yalikuwa yanakaukia masikioni, kwa sababu ya upepo.

Saa sita kasoro robo nikaingia njia ya nyuma, ile inayopita kwenye migomba na kutokea chini ya shamba letu. Nikawaza haraka. Kwanza, nina kaptula ya baiskeli, ile ya kubana yenye kigodoro nyuma, na baba ni mzee wa kanisa. Lazima nivae kitenge. Pili, sina isale. Nikageuza macho na Mungu akanionyesha: kati ya shamba letu na la jirani yetu mzee Ndekirwa, Meku tunavyomwita kwa heshima, masale! Yamesimama kwenye mstari, mabichi, mapya kabisa. Nikasema asante Yesu. (Sikujiuliza kwa nini ni mapya. Kumbukeni hilo.)

Nikazungusha kitenge kiunoni bila kukifunga vizuri, nikashika jani la kwanza, nikavuta. Gumu. Nikashika kwa mikono miwili, nikavuta kwa nguvu zote za mtu aliyefika Singida.

Halikukatika. Likaja lote! Shina, mizizi, na bonge la udongo. Nikakaa chini kwa kishindo nimelikumbatia kifuani.

"NANI HUYO ANANG'OA MPAKA?"

Meku Ndekirwa. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chini ya mgomba wake, hatua kumi tu, na mimi sikumwona. Akainuka na fimbo yake.

"Njooni muone! Eliufoo kaleta Mzungu kuja kung'oa mpaka!"

Eliufoo ni baba. Mzungu ni mimi. Helmeti, miwani myeusi, vumbi jeupe uso mzima. Nikajaribu kusema, "Shikamoo Meku, ni mimi, ni Aneti," lakini mdomo ulikuwa umejaa vumbi, na yeye alikuwa anaita mpaka mwenyekiti wa kitongoji.

Baba akatokea. Suti nyeusi, tai, bahasha mkononi. Mama nyuma yake ameshika kichwa. Nikataka kusimama kwa heshima, nikakanyaga kitenge changu mwenyewe, kikabaki chini. Basi nikasimama mbele ya mzee wa kanisa na kaptula yenye kigodoro, nimebeba mpaka wake.

"Shikamoo baba."

Ulioitikia ni upepo tu kwenye migomba.

"Unamjua huyu?" Meku Ndekirwa akamwuliza.

Baba akaniangalia kuanzia helmeti mpaka viatu. Alichukua muda mrefu sana, na mimi katika muda huo niliona anaweza kabisa kusema hapana.

"Ni wangu," akasema. "Ndiye wa kwanza."

"Kama ni wako, mbona hajui mpaka?"

Mama ndiye aliyenieleza, kwa sauti ya chini, huku ananifunga kitenge kama mtoto. Ule ugomvi wa mpaka, wa tangu mimi niko darasa la pili, waliumaliza. Lini? Siku ya pili ya Krismasi. Wazee wa ukoo walikuja, watoto wa pande zote mbili walikuwa wamerudi nyumbani, wakasimama kwenye mstari kushuhudia masale yakipandwa, ili wazee wakiondoka duniani watoto wasije wakapigana. Wote walisimama isipokuwa mmoja, ambaye alikuwa anakula biskuti Singida.

Wiki saba nilidhani baba amenuna kwa ajili ya paja la mbuzi.

"Tulingoja mpaka saa kumi," baba akasema. Hakuwa ananisemesha mimi, alikuwa anaisemesha ile bahasha. "Nikawaambia wazee, mngojeni, yuko njiani. Nafasi yako ilikuwa hapo." Akaonyesha kwa kidole. Alionyesha shimo. Lile lile la isale nililong'oa.

Jamani nililia. Nililia vibaya, kwa sauti, na helmeti yangu kichwani. Nikamwambia, "Baba nisamehe. Nilikuwa na isale, mbuzi amelila."

"Mbuzi?" Meku Ndekirwa akauliza.

"Mbuzi wa nyikani, Meku."

Akageuka pembeni akakohoa sana. Mabega yalikuwa yanatikisika. Kisha akakumbuka kuwa amekasirika. "Na mimi nimekosewa. Mimi pia naletewa isale."

Nikageuka kwenye ule mstari, nikanyoosha mkono.

"USIGUSE!" Wote wawili, kwa pamoja. Nadhani ni mara ya kwanza wale wazee wanakubaliana bila kuitwa mwenyekiti.

Baba akaweka bahasha mfukoni. "Vua hiyo ndoo kichwani," akasema. "Chimba."

Nikapiga magoti nikachimba kwa mikono. Mama akataka kuleta jembe, baba akamkataza. Nikalirudisha isale mahali pake. Meku Ndekirwa akapima kwa fimbo, akasema limehamia kwake vidole viwili. Baba akasema hapana, ni kidole kimoja na nusu, tena kuelekea kwetu. Wakabishana kama dakika kumi hivi, mimi nimelishikilia wima, jua la saa sita kisogoni. Nililisogeza kulia. Nikalisogeza kushoto. Mwishowe likarudi pale pale nilipoliweka mwanzo, na kila mmoja akabaki anaamini ameshinda.

Baba akachomoa chupa ya maji kwenye baiskeli yangu, akamwagilia pale kwenye shina mpaka tone la mwisho. Akasimama kwenye mstari, akanionyesha nisimame karibu naye. Nikasimama.

"Sasa na wewe umeshuhudia," akasema.

Tukaanza kupanda kwenda nyumbani. Anaisukuma baiskeli yangu yeye, na suti yake. Katikati ya kahawa akasimama, akashika breki, akaiachia, akaishika tena.

"Ile shikamoo yako ya pale chini," akasema bila kuniangalia.

"Ndiyo, baba."

"Marahaba."

Ile bahasha ameichana mwenyewe, akawashia moto wa chai. Kisha akaniuliza kama ni kweli upepo wa Singida unaushinda wa kwetu. Nikamwambia haufui dafu, akafurahi akanimiminia kikombe cha pili.

Kesho saa tatu nasimama madhabahuni namshika mtoto, kucha zangu zikiwa na udongo ambao umekataa kutoka hata kwa brashi. Meku Ndekirwa naye atakuwepo, kiti cha mbele, na mpaka sasa namsikia toka huku chumbani anamhadithia mtu kwenye simu: "Mbuzi! Nakwambia mbuzi!"

Naombeni msinicheke, na isale huwekwa ndani ya begi.