Mawe ya Tanuri Wakati wa Sala

Jumatatu, 3 Juni

Samahani, daftari. Tangu Pasaka sijakuandikia. Bega la kulia liliuma hata kalamu naiona nondo. Halafu mwanangu Setu anaota meno. Haya, sababu ya kweli ni aibu. Mnyanyua vyuma wa kijiji, tegemeo la Mashindano ya Visiwa, siwezi kuanika nepi!

Leo nilikwenda mjini Apia kwa Bi Vaimoana, mtaalamu wa tiba ya viungo. Kanipa utepe wa mpira niufunge kwenye nguzo, niuvute polepole. Utepe! Mimi wa kilo themanini juu ya kichwa! Ijumaa atanipima. Mkono ukisimama wima, naenda mashindanoni. Ukigoma, anakwenda mpinzani wangu Fuatino. Akanionya nisinyanyue kitu kizito kuliko mtoto wangu.

Setu ana kilo tisa. Nimerudi nikamsongea magimbi kwa tui zito.

Jumanne, 4 Juni

Setu hataki kuongezeka uzito. Magimbi yote kayatemea kwenye mkeka wa mama mkwe.

Fuatino kapita, sauti ya asali: "Shoga, bega vipi? Nakuombea." Nikamwambia aombee magoti yake.

Nikashika kipande cha bomba la chuma, nijaribu kidogo tu. Nyumba zetu ni nguzo na paa, kuta hakuna. Jirani wa kulia akauliza utepe uko wapi. Wa kushoto akasema atamwambia Bi Vaimoana. Nikajifanya nafukuza kuku.

Jumatano, 5 Juni

Wazo! Sala ya jioni! Baragumu likilia, kila nyumba inainamisha kichwa, macho yamefumbwa. Wanaobaki nje ni vijana wa zamu tu, wanaozuia wapita njia, na mkubwa wao ni mume wangu Penitoa. Atakuwa mbali, barabarani.

Bomba lipo. Ndoo mbili za kutundika zipo. Vyuma sina, lakini mama mkwe ana mawe ya tanuri, ya kuokea chakula cha Jumapili.

Alhamisi, 6 Juni

Nilisingizia Setu anaumwa tumbo, nikampakata hadi nyuma ya jiko, nikamlaza kwenye mkeka. Wimbo ukaanza. Nikanyanyua mara ya kwanza. Utamu! Mara ya pili bega likasema "kwa!" Bomba likainama, mawe yakamwagika juu ya bati la banda la nguruwe. Radi! Jike la nguruwe likavunja mlango, likapita katikati ya sala ya jirani.

Penitoa kaja mbio na fimbo, anafoka nani huyo anavunja sala. Akaniona. Fimbo ikashuka.

"Mama Setu. Jamani."

Sheria ni sheria. Kanipeleka mwenyewe kwa wazee. Faini, katoni ya samaki wa kopo. Mama mkwe hakufumbua hata jicho. Aliendelea kusali, akamwomba Bwana amrudishie mawe yake kabla ya Jumapili.

Ijumaa, 7 Juni

Mkono umefika usawa wa sikio, ukagoma. Nilitabasamu. Jasho likanisaliti.

Bi Vaimoana kauliza kama nimevuta utepe. Nikasema kila siku. Akasema mama mmoja aliyeleta mtoto kuchanjwa amemsimulia habari za nguruwe. Kliniki nzima ikacheka, mpaka mtoto wa sindano.

Fuatino anakwenda.

Kisha Bi Vaimoana akanivuta pembeni. "Litia, mdogo wangu, vuta utepe wiki sita, mwakani utanyanyua. Ukilipasua bega hili, hata huyu hutamwinua." Setu alikuwa ananyoosha mikono yote miwili. Nikambeba kwa mkono wa kushoto. Nililia kidogo, kisha nikamwambia Setu asizoee kubebwa.

Jumapili, 9 Juni

Nimeapa kanisani kumtii Bi Vaimoana. Utepe nimeuvuta mara mbili, Penitoa kanisifu mbele ya mama yake. Mawe yamerudi tanurini, chakula kimeiva. Fuatino kaaga leo, nimemkumbatia. Kwa mkono mmoja, lakini nimemkumbatia.

Ila nimefikiri sana wakati wa mahubiri. Kosa halikuwa bega. Kosa lilikuwa kelele.

Kesho namwandikia dada Ruta kule Auckland. Sabuni za mtoto alizotuma zimefika. Bado anitumie: mikeka ya mpira, minene, miwili, chaki ya mikono, mkanda wa kiuno wa saizi ya baada ya kuzaa, kufuli la banda la nguruwe, na mapazia mazito, ya pande zote za nyumba.